Panga ya Saidi: Pwani Kabla ya Jahazi

Wazee wetu mliotutangulia, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya mapango ya mawe ya chokaa ya pwani yetu, na nimepewa nusu saa. Mapango hayo hayaenei katika nusu saa. Kuna Amboni karibu na Tanga, kuna Kuumbi huko Jambiani, Unguja, na kuna mengine yasiyohesabika ambayo majina yake yanajulikana na wenyeji peke yao. Nitabaki na moja tu, Panga ya Saidi, lililoko katika nyanda za juu za Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka ufukweni.

Naanza na jina, kwa sababu limewahi kuniletea kicheko darasani. Mwanafunzi asiyetoka huku akilisikia hudhani tunazungumzia chombo cha kufyekea majani kilichokuwa mali ya bwana Saidi. Katika lugha za Mijikenda, panga ni pango, na sarufi yenyewe inamkosoa mwanafunzi huyo: lingekuwa panga la kufyekea, tungesema ni panga la Saidi.

Hoja yangu ya leo ni moja. Tunapofundisha historia ya pwani, tumezoea kuanza na jahazi. Tunaanza na mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, tunapita kwa wafanyabiashara wa Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, tunafika kwa Vasco da Gama huko Malindi mwaka 1498, na mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba kabla ya tanga la kwanza kuonekana baharini palikuwa na miti na nyani tu. Zama za kale anazisoma katika sura nyingine, na sura hiyo ni ya Bonde la Ufa: Olduvai, Olorgesailie, Turkana. Pwani haimo. Panga ya Saidi limeiingiza pwani katika sura hiyo, na ningependa tuone limeingizaje, kuanzia kwenye jiwe lenyewe.

Wanajiolojia huliita jiwe hilo chokaa ya Kambe, kwa jina la wenzetu Wakambe. Lilifanyika katika kipindi cha Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, wakati bara kubwa la kusini lilipokuwa linapasuka na Madagaska ikianza kujitenga na Afrika. Bahari ya kina kifupi iliingia katika ufa huo, na magamba na mifupa ya viumbe vyake, matumbawe yakiwemo, yalirundikana chini yake yakashikana na kuwa mwamba. Tusiuchanganye mwamba huu na mawe ya matumbawe ya ufukweni yaliyojengewa nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa na ngome ya Fort Jesus ambayo Wareno waliianza mwaka 1593. Hayo ya ufukweni, ingawa nayo ni chokaa na yametokana na bahari, ni machanga sana yakilinganishwa na mwamba wa Kambe.

Pango lilichongwa na mvua. Tone la mvua hunyonya hewa ukaa kidogo angani, na likizama katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza hunyonya nyingi zaidi, mpaka linapofika kwenye mwamba linakuwa tindikali dhaifu. Tindikali hiyo haimuunguzi mtu, lakini chokaa haiwezi kuistahimili. Walio na umri wangu wameona tanuu la chokaa likichomwa kwa magogo: moto ule kazi yake ni kuitoa hewa ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe. Maji ya mvua hufanya kinyume chake, huliongezea jiwe hewa hiyo hiyo hadi jiwe liyeyuke na kuchukuliwa na maji kupitia nyufa. Ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa chumba, na chumba kinaunganishwa na kingine. Baadaye maji hayo yenye chokaa yanapodondoka kutoka darini ndani ya pango lililo wazi, hewa ukaa inatoka, chokaa inaganda tena, na yale mawe yanayoning'inia kama viwele vya ng'ombe yanaanza kurefuka. Kwa hiyo mvua iliyolichimba pango ndiyo hiyo hiyo inayolipamba.

Vyumba na njia za Panga ya Saidi zinafuatana kwa takriban kilomita moja. Hata hivyo binadamu hakai katika giza totoro. Anaweza kuliingia, kujificha humo siku mbili tatu, hata kuzika au kuomba humo, lakini hapiki humo mwaka baada ya mwaka. Lililoligeuza pango hili kuwa makao ni kuanguka kwa paa. Chumba kikuu, chenye ukubwa wa mita za mraba 100 hivi, sehemu ya dari yake ilibomoka zamani, mwanga ukaingia, moshi ukapata pa kutokea, na miti ikaota kwenye kingo na kuteremsha mizizi yake hadi chini. Ukisimama pale leo unaona mbingu juu, kuta za mawe pembeni na sakafu ya udongo mkavu miguuni. Ni ua kuliko shimo. Nadhani mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye ua angejua mara moja pa kuweka mafiga na pa kulala.

Sakafu hiyo ndiyo maktaba. Vumbi lililopeperushwa, mchanga ulioteremshwa na mvua, majivu ya mioto, mawe yaliyobanduka darini na mifupa iliyotupwa baada ya kula vilikuwa vikitandazana polepole, tabaka juu ya tabaka, na wachimbaji wamehesabu matabaka 19. Sehemu waliyofika yenye umri wa miaka 78,000 iko kiasi cha mita 3 chini ya sakafu ya leo. Fanyeni hesabu nami: mita 3 kwa miaka 78,000 ni wastani wa sentimita 4 hivi kwa kila miaka 1,000, yaani upana wa vidole viwili. Tangu Vasco da Gama apite Malindi hadi leo, kwa wastani huo, pango limeongeza upana wa kidole kimoja tu. Na kwa kuwa chokaa huufanya udongo wa pangoni usiwe mchachu, mifupa na magamba ambayo nje yangeozeshwa na mvua kwa miaka michache yamedumu humo, ingawa, kama nitakavyoeleza, si yote na si kwa ukamilifu.

Uchimbaji ulianza mwaka 2010, ukiwaunganisha watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao miongoni mwao ni Dkt. Emmanuel Ndiema, na wenzao wa nje wakiongozwa na Profesa Nicole Boivin. Kinachonifurahisha ni kwamba mradi wenyewe ulihusu biashara ya Bahari ya Hindi. Walikuja kutafuta habari za mazao, mifugo na shanga zilizovuka bahari, yaani nao walianza na jahazi kama sisi. Walipoendelea kuchimba, pango likawapeleka chini zaidi ya swali lao, na mwaka 2018 walitangaza kwamba wana kumbukumbu ya maisha ya watu ya miaka 78,000 mahali pamoja, jambo ambalo ni nadra sana Afrika Mashariki.

Kwa nini watu walirudi hapo hapo kwa muda mrefu hivyo? Jibu liko katika mahali pango lilipo. Katika zama za baridi kali duniani, maji mengi yaliganda kuwa barafu nene juu ya nchi kavu na usawa wa bahari ukashuka kwa zaidi ya mita 100. Kwingineko ufukwe ulisogea mbali mno. Huku kwetu kilindi kiko karibu na pwani, kwa hiyo bahari haikukimbia sana, na unyevu wake uliendelea kulisha msitu. Mifupa ya wanyama iliyomo pangoni ni ya wale wa msituni na wale wa mbugani kwa pamoja, na mchanganyiko huo unaendelea tabaka baada ya tabaka. Wakazi wa pango walikaa mpakani mwa msitu na nyika. Msitu ukipungua, nyika ilikuwapo. Nyika ikikauka, msitu ulikuwapo. Bahari ilikuwa karibu, lakini wao walikuwa watu wa mwituni, na yaliyotoka baharini waliyapenda zaidi kwa kujipamba kuliko kwa kula. Hili ni funzo kwetu sote tunaodhani kwamba mtu wa pwani lazima awe mvuvi.

Kiasi cha miaka 67,000 iliyopita zana za mawe zinabadilika na kuwa ndogo zaidi. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo vitabu vinapopenda neno mapinduzi. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba akili ya binadamu wa leo ililipuka ghafla, ama kwa sababu ya kabila jipya lililohamia na ujuzi wake, ama kwa sababu ya badiliko la ubongo. Matabaka ya Panga ya Saidi hayaonyeshi mlipuko huo. Yanaonyesha watu wanaojaribu jambo, wanaliacha, wanalirudia, wanaliongezea jingine. Mbinu mpya inaingia bila ya ile ya zamani kutupwa. Watafiti wenyewe waliandika kwamba ubunifu wa mahali hapo hapo unaeleza zaidi kilichotokea kuliko habari za mapinduzi makubwa au za wahamiaji. Mimi naona hivyo ndivyo fundi yeyote anavyofanya kazi.

Mfano mzuri ni shanga. Ushanga wa kale zaidi kupatikana pangoni una umri wa karibu miaka 65,000. Tukifika miaka 33,000 iliyopita, shanga zinazopendwa ni za magamba ya konokono wa baharini. Kufikia miaka 25,000 iliyopita mtindo umegeuka na shanga za maganda ya mayai ya mbuni ndizo nyingi, na kufikia miaka 10,000 iliyopita mtindo umerudi tena kwenye magamba ya bahari. Katikati ya vipindi hivyo, kati ya miaka 48,000 na 25,000 iliyopita, kuna mifupa na pembe za ndovu au ngiri zilizochongwa, na vipande vya ngeu vilivyosuguliwa, ngeu hiyo hiyo nyekundu ambayo mafundi seremala wa zamani waliitumia kupigia mistari. Mtu anayetoboa ganda la yai la mbuni kwa ncha ya jiwe bila kulivunja, kisha akalisugua mpaka liwe duara, ana subira ambayo mimi sina.

Sasa nifike kwa aliyelifanya pango hili lijulikane duniani. Mwaka 2013 wachimbaji waligusa ukingo wa shimo dogo, na mwaka 2017 wakalifunua vizuri. Ndani yake mlikuwa na mifupa iliyooza kiasi kwamba kila ilipoguswa iligeuka unga. Hapakuwa na namna ya kuitoa mmoja mmoja, kwa hiyo walikata bonge zima la udongo, wakalifunga kwa plasta na kulipeleka Makumbusho ya Taifa Nairobi, na kutoka hapo likasafirishwa hadi Burgos, Hispania, katika kituo cha utafiti wa mageuzi ya binadamu ambako Dkt. María Martinón-Torres na wenzake walilisoma kwa mashine za eksirei kabla ya kulifungua kwa brashi. Meno ndiyo yaliyosema kwanza: ni ya binadamu kama sisi, na ni ya mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu. Wakampa jina la Kiswahili, Mtoto.

Umri wa kaburi ni miaka 78,000 hivi. Kipimo cha kaboni, ambacho walimu wengi mnakifahamu, hakifiki huko, kwani nguvu yake huishia karibu na miaka 50,000. Walitumia kipimo cha chembe za mchanga. Chembe hiyo ikifukiwa gizani huanza kulimbikiza nishati kidogo kidogo kutoka katika udongo unaoizunguka, na maabara inapoiamsha kwa mwanga huitoa nishati hiyo ikang'aa, na kiasi cha mng'ao kinaeleza ni lini ilionana na jua mara ya mwisho.

Mwenye shaka atauliza wanajuaje kwamba ni kaburi, wala si mtoto aliyeangukiwa na jiwe au kuburutwa na fisi. Ni swali la haki, na jibu lake ni la subira. Udongo uliojaza shimo ni tofauti na ule unaolizunguka, maana yake shimo lilichimbwa na likafukiwa. Mifupa ilikuwa bado imefuatana kama ilivyo mwilini, na kemia ya udongo ilionyesha kuwa mwili uliozea pale pale. Mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mabega na mbavu za juu zilikuwa zimebanwa kwa namna inayotokea mwili ukiwa umeviringwa kwa kitu, pengine majani au ngozi. Na kichwa kilikuwa kimeinama na kushuka kwa namna inayotokea kitu kilichokiegemeza kinapooza na kuacha nafasi tupu chini yake. Alikuwa amewekewa mto.

Habari hizo zilichapishwa Mei 2021, zikiwa za kaburi la kale kuliko yote yaliyojulikana Afrika kwa binadamu wa aina yetu. Nje ya Afrika, huko Qafzeh na Skhul katika nchi ya Israeli ya leo, yapo makaburi ya kale zaidi yanayozidi miaka 90,000, kwa hiyo tusitie chumvi mbele ya wanafunzi. Wala hatuhitaji. Inatosha kusema kwamba mtu wa pwani, zaidi ya miaka 70,000 kabla ya jahazi, alimlaza mtoto kwa ubavu na kumwekea kitu cha kuegemeza kichwa.

Nayaruka maelfu ya miaka, kwa sababu muda unanibana, nifike juu ya matabaka. Wakulima wenye chuma na vyungu walipoenea pwani katika milenia ya kwanza, wawindaji wa mapangoni hawakutoweka. Mwaka 2017 zilichapishwa habari za vinasaba vya mtu aliyezikwa Panga ya Saidi kiasi cha miaka 400 iliyopita, na nasaba yake ilikuwa ya wawindaji wa kale wa ukanda huu. Yaani katika enzi ambayo Gede ilikuwa mji wa mawe wenye misikiti na visima, na Wareno walikuwa tayari Fort Jesus, hapa Dzitsoni palikuwa na mtu ambaye nasaba yake ilikuwa ya watu wa kabla ya yote hayo. Majirani wawili, safari ya siku chache kwa miguu baina yao. Vitabu vyetu vinamtaja mmoja.

Na pango halijafungwa. Katika mapango mengi ya ukanda huu bado watu huingia na ubani, marashi na vitambaa, na wazee huomba humo mvua au afya ya mgonjwa, kama wanavyofanya katika kaya, zile misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nimewasikia wasomi fulani wakilalamika kwamba ibada hizo zinachafua mahali pa utafiti. Siafikiani nao. Majivu ya ubani wa juzi ni tabaka la ishirini, na anayelifuta ili alione la kumi na tisa amefuta sehemu ya kile anachodai kukisoma.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kwamba Mtoto alikuwa wa kabila gani. Najibu kwamba hakuwa wa lolote. Makabila yetu, na lugha tunazozungumza hapa, hayafiki hata sehemu ya thelathini ya umri wake. Hakuwa Mchonyi wala Mgiriama wala Mswahili, na anayetaka kumtumia katika mabishano ya nani mwenyeji na nani mgeni atafute ushahidi mwingine. Lakini swali hilo huwa lina swali la pili ndani yake, nalo ni nani mwenye haki ya kumlinda. Hilo lina jibu la kisheria na la kawaida. Kawaida inatutaka tuwaone wazee wa eneo kabla ya kuingia. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka yeyote aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa alipokikuta.

Nasisitiza maneno hayo ya mwisho, mahali hasa, kwa sababu mawe haya ya chokaa ndiyo malighafi ya saruji, machimbo yanaongezeka, na baruti haiulizi kama kuna tabaka. Pia kwa sababu ya sisi walimu. Mwalimu mmoja amenionyesha asubuhi hii kigae chenye nakshi ambacho mwanafunzi wake alikiokota pangoni na kukileta shuleni kwa nia njema kabisa. Ni kizuri. Nilipomuuliza kilikuwa kina gani, upande upi wa ukuta, kando ya kitu gani, mtoto hakukumbuka, na kigae chenyewe hakiwezi kutuambia. Kwa hiyo mkiwapeleka wanafunzi Panga ya Saidi au pango lingine lolote, wachukue daftari na kamba ya kupimia, wachore walichokiona na wakiache pale pale, na mawe yanayoning'inia wasiyashike, kwani mafuta ya mkono huzuia chokaa mpya kuganda juu yake. Kigae kile tumekubaliana kitapelekwa makumbusho wiki hii, pamoja na mwanafunzi mwenyewe, ili ajaribu tena kukumbuka.

Asanteni kwa kunisikiliza.